Jaribio la osmosisi kwa kiazi mviringo: usiingie darasani bila kiazi kilichochemshwa

#1 MwalimuWaZamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nauelekeza kwa walimu wa baiolojia, hasa sisi wa shule za kata ambako maabara ni chumba chenye meza mbili na kabati lisilo na kitu. Mzazi mwenye mtoto wa kidato cha pili naye akaribie, kwa sababu kila kitu humu kinapatikana jikoni.

Jaribio la kiazi tunalijua wote. Kiazi mviringo kinamenywa, kinakatwa upande mmoja kikae vizuri, kinachimbwa shimo juu, shimoni inatiwa sukari au chumvi, kisha kinasimamishwa kwenye sahani ya maji. Baada ya muda shimo linajaa. Mwalimu anaandika ubaoni kwamba hiyo ndiyo osmosisi, wanafunzi wananakili, kengele inalia.

Msimamo wangu ni huu: darasa likiishia hapo, osmosisi haijaonyeshwa. Mtoto ameona maji shimoni, basi. Anaweza kabisa kuamini kwamba kiazi kimefyonza maji kama sponji, na hakuna chochote mezani cha kumpinga. Osmosisi ina sharti lake: maji yavuke utando unaoyapitisha maji lakini unaizuia sukari. Bila kumwonyesha mtoto kwamba utando upo na unafanya kazi, neno lenyewe unamkaririsha tu. Kinachomwonyesha utando ni kiazi kingine, kilichochemshwa, ambacho maji ya shimoni hayapandi.

Ninavyofanya mimi ni kutumia viazi vitatu vinavyokaribiana ukubwa. Vyote vimenywe angalau nusu ya chini, maana ganda la kiazi ni gumu kupitisha maji, na wengi jaribio linawakatalia kwa sababu hiyo tu. Chonga mashimo yenye kina sawa, na usitoboe chini. Kimoja kati ya hivyo vitatu kichemshe kikiwa kimeshachongwa, kiive bila kupasuka, kisha kipoe kabisa kabla ya kukitumia.

Kiazi kibichi cha kwanza: maji ya sukari shimoni. Kiazi kilichochemshwa: maji ya sukari yale yale. Kiazi kibichi cha pili: maji matupu. Vyote vitatu vikae kwenye sahani za maji ya kawaida, maji yafike karibu nusu ya kimo cha kiazi, yasivuke ukingo wa shimo. Halafu choma pini ndani ya shimo pale maji yanapoishia. Pini ndiyo alama yako, kalamu ya wino itafutika.

Sasa sukari, maana hapa ndipo watu wanapokosea vipimo. Maji yako ya sukari yawe ya mola moja (mola ni kipimo cha wingi wa kitu kilichoyeyuka): kwa sukari ya mezani ni gramu 342 katika lita moja. Kwa robo lita ni gramu 85 hivi. Huna mizani? Nunua sukari robo kilo dukani, igawe mafungu matatu sawa kwa macho, fungu moja litakuwa gramu 83 au hapo karibu. Litie kwenye kikombe cha kupimia, ongeza maji mpaka yafike robo lita, koroga mpaka yawe maangavu. Usipunguze sana. Maji yaliyomo ndani ya seli za kiazi nayo yana vitu vilivyoyeyuka, na kwa viazi vingi nguvu yake inakaribiana na sukari ya mola 0.3, yaani gramu 100 hivi kwa lita. Ukitia kijiko kimoja cha chai kwenye glasi nzima, maji yako ya sukari ni mepesi kuliko ya ndani ya kiazi, na badala ya shimo kujaa litapungua. Mwalimu atasema kiazi kibovu. Kiazi hakina kosa.

Wengine hutia sukari kavu shimoni na shimo linalowa haraka, wanafunzi wanashangilia. Tatizo ni kwamba maji yale ya mwanzo yanatoka kwenye nyama ya kiazi chenyewe. Hata ukikiweka kiazi kwenye sahani kavu, sukari italowa. Kwa hiyo huwezi kumwambia mtoto kwamba ameona maji yakisafiri kutoka sahanini. Anza na maji ya sukari yaliyokwisha koroga, tena yenye alama ya pini.

Muda: anza asubuhi kabla ya gwaride, soma alama wakati wa mapumziko, soma tena kipindi cha mchana. Usilibane ndani ya kipindi kimoja cha dakika 40, halitakutii.

Karibuni kwa maswali na kwa mbinu zenu.

---

#2 Kidato2_Iringa

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi. Sisi tulifanya kwa kiazi kimoja tu. Naomba kujua kwa nini kilichochemshwa maji hayapandi wakati nacho kiko ndani ya maji na kina sukari vile vile?

---

#3 MwalimuWaZamu

Marahaba mwanangu. Hilo ndilo swali ninalotaka kila darasa liulize.

Kiazi ni maelfu kwa maelfu ya seli zilizopangana, na kila seli imezungushiwa utando mwembamba sana. Utando huo unaruhusu maji kupita kirahisi, lakini sukari inapita kwa shida mno. Ukikichemsha kiazi, joto linauharibu utando. Seli zinabaki na kuta zao za nje, ndiyo maana kiazi bado kina umbo, lakini lile lango la kuchagua nani apite limeondoka. Sasa sukari nayo inapita kwenda sahanini. Kila kitu kinasambaa kila upande mpaka kulingana, na hakuna sababu ya maji kujikusanya upande mmoja.

Ukitaka kuuona uharibifu huo kwa macho, tafuta biti, ile nyekundu ya sokoni. Kata vipande viwili, vioshe mpaka maji yasitoke tena na rangi. Kimoja kitie kwenye glasi ya maji baridi, kingine kwenye glasi ya maji yanayochemka. Kwenye maji baridi rangi itatoka kidogo sana, kwenye maji ya moto glasi nzima itakuwa nyekundu ndani ya dakika chache. Rangi ile ilikuwa imefungiwa ndani ya seli na tando zake. Joto limezivunja. Ni jaribio la dakika kumi na mimi hulitanguliza kabla ya kiazi, ili mtoto akikutana na kiazi kilichochemshwa awe anajua tayari kilichompata.

---

#4 Mwalimu_Kitui

Hujambo mwalimu mwenzangu, salamu kutoka Kenya. Nakubaliana nawe kuhusu kiazi cha kulinganishia, ila nataka kutetea walimu. Darasa langu lina wanafunzi wengi kuliko madawati. Viazi vitatu kwa kila kikundi ni gunia, na asubuhi yote kungoja alama ya pini ni anasa. Sisi hapa tunatumia mpapai.

Kata kikonyo cha jani la mpapai, kile kirefu chenye uwazi katikati. Kipande cha urefu wa kidole kipasue kwa wembe kutoka juu hadi chini upate vijiti vyembamba, kila kimoja kikiwa na ngozi ya nje ya kijani upande mmoja na nyama nyeupe upande wa pili. Kimoja kitie kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi nyingi. Kabla hujamaliza kuita majina, vijiti vimeshaanza kupinda. Cha kwenye maji kinajikunja ngozi ikiwa upande wa ndani wa pindo. Cha kwenye chumvi kinapinda kinyume, ngozi ikiwa nje. Mwanafunzi anavichora papo hapo.

Mpapai uko nyuma ya kila nyumba, haununuliwi. Waambie tu waoshe mikono baadaye, utomvu wake unawasha.

---

#5 MwalimuWaZamu

Mwalimu wa Kitui, asante sana, hii inafaa kabisa kwa kipindi kimoja, na nitaongeza sababu yake kwa faida ya wengine.

Ngozi ya nje ya kikonyo ina tabaka kama la nta lisilopitisha maji ovyo, tena kuta za seli zake hazinyumbuki sana. Seli za ndani hazina kizuizi hicho. Kwenye maji matupu seli za ndani zinavimba, za ngozi zinabaki karibu vile vile, hivyo kijiti lazima kipinde kuelekea upande wa ngozi. Kwenye chumvi seli za ndani zinapoteza maji na kusinyaa, kijiti kinapinda upande wa pili. Mwanafunzi anayeweza kueleza upindaji huo kwa maneno yake ameielewa osmosisi kuliko anayekariri tafsiri ya kitabu.

Na hapa pia chemsha kijiti kimoja! Kitalegea na hakitapinda popote, kwenye maji wala kwenye chumvi. Kijiti kimoja kilichochemshwa kwa darasa zima kinatosha, na sufuria moja haituletei gharama.

---

#6 Bi_Mkubwa_Wete

Assalaam alaykum. Mie nasomesha skuli ya msingi Pemba, nimestaafu karibuni lakini watoto wa mtaani bado wananijia. Nimefanya jaribio hili miaka mingi kwa mbatata. Swali langu kwa mwalimu: chumvi si bora kuliko sukari? Chumvi kwetu rahisi, na sukari siku hizi bei yake mnaijua wenyewe.

Nataka pia niwaelezeni kwa nini huku kwetu somo hili si la kwenye daftari tu. Mabonde yetu ya mpunga yaliyo karibu na bahari yameingiwa na maji ya chumvi. Mkulima anauona mpunga unakauka nao umesimama ndani ya maji, na watu hawafahamu. Mtoto aliyekwisha kuona kipande cha mbatata kikilegea kwenye maji ya chumvi anafahamu mara moja. Mie huwaweka watoto wavishike vipande kwa mikono yao: kimoja kimekaa kwenye maji matupu, kigumu, ukikikunja kinavunjika, kingine kimekaa kwenye chumvi, kinakunjika kama mpira. Hapo sina haja ya kusema mengi.

---

#7 MwalimuWaZamu

Waalaykumu salaam bibi, shikamoo. Heshima kubwa kwako.

Kwa vipande vya kushika mkononi, kama ulivyoeleza, chumvi ni nzuri na inafanya kazi upesi. Nusu saa hadi saa moja inatosha kuona kipande kimelegea. Vijiko viwili vya chai vilivyojaa kwenye glasi moja, hakuna haja ya kupima sana.

Kwa kiazi chenye shimo ndipo napendelea sukari. Chumvi ikiyeyuka inagawanyika kuwa chembe ndogo zenye chaji, na ikiwa nyingi inaziua seli zilizo karibu na shimo. Zikifa, tando zimeondoka, na chumvi inaanza kupenya kuelekea sahanini. Unaanza na kiazi kibichi, unamaliza na kiazi chenye ukingo uliokufa. Kwa saa mbili za mwanzo utaona maji yamepanda, lakini ukiacha mpaka kesho matokeo yanaweza kukuchanganya. Sukari ina molekuli kubwa na ni ya upole kwa seli, inakupa muda.

Hilo la mpunga nitalichukua nikalitumie darasani. Watoto wa bara nao wana mfano wao: mbolea ya chumvichumvi ikirundikwa kwenye shina la mhindi, mhindi unanyauka hata kama jana yake mvua ilinyesha. Wakulima wanasema mbolea imeunguza. Maji yaliyozunguka mizizi yamekuwa mazito kuliko ya ndani ya mizizi, hivyo mizizi inashindwa kunywa.

---

#8 Fundi_Umeme_Kibaha

Mkuu, mimi si mwalimu ila uzi umenivuta. Tulifundishwa kwamba chumvi inavuta maji. Hata mama nyumbani akikata vitunguu vya kachumbari anavipaka chumvi, vinatoa maji. Sasa wewe husemi kuvuta. Kuna tofauti gani?

---

#9 MwalimuWaZamu

Mkuu, kwenye mazungumzo ya kawaida "inavuta" inaeleweka na sitagombana na mama jikoni. Darasani naikwepa, na nitakueleza kwa nini.

Molekuli za maji hazitulii. Saa zote zinakimbia huku na huku, na kwenye utando zinavuka kwenda na kurudi, pande zote mbili, bila kupumzika. Upande wa maji matupu kila kinachogonga utando ni maji. Upande wa maji ya sukari sehemu ya vinavyogonga ni sukari, ambayo haipiti. Kwa hiyo kila sekunde yanayovuka kwenda upande wa sukari ni mengi kuliko yanayorudi, na tofauti hiyo ndiyo tunayoiona kwenye alama ya pini. Hayo ni maelezo yaliyorahisishwa, lakini mwelekeo wake ni sahihi. Sukari haijanyoosha mkono kuyakamata maji.

Ukimwachia mtoto neno "kuvuta", atakwama kwenye maswali mawili. La kwanza: kwa nini kiazi kilichochemshwa hakipandishi maji wakati sukari ni ile ile? Kama sukari ingekuwa inavuta, ingevuta na huko. La pili: kwa nini maji yakifika kimo fulani yanaacha kupanda? Atajibu kwamba sukari imechoka, au maji yamesimama. Hayajasimama. Yanayokwenda na yanayorudi yamelingana.

Na walimu wenzangu, kuna kauli nyingine ya kuangalia mnaposahihisha: "Maji yanatoka kwenye wingi kwenda kwenye uchache." Wingi wa nini? Mwanafunzi mmoja anamaanisha wingi wa maji, yuko sahihi. Mwingine anamaanisha wingi wa sukari, amegeuza kila kitu, na wote wawili wameandika sentensi ile ile. Mimi simpi alama kamili mpaka ataje ni kitu gani kiko kwa wingi.

---

#10 NesiWaUsiku

Naomba nichangie kwa upande wa hospitali, maana hili tunaishi nalo.

Maji ya dripu ya kawaida yana chumvi gramu 9 kwa lita, asilimia 0.9. Kiwango hicho kinalingana na cha damu. Ukimwingiza mgonjwa maji matupu mshipani, maji yanaingia kwenye chembe nyekundu za damu, zinavimba na kupasuka. Seli ya kiazi haipasuki kwa sababu ina ukuta mgumu unaoizuia, inakaza tu. Chembe ya damu haina ukuta. Mwalimu akimwambia mwanafunzi tofauti hiyo moja, atakumbuka kwa nini seli za mimea zina kuta.

La pili ni ORS, maji ya sukari na chumvi anayonyweshwa mtu anayeharisha. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mchanganyiko wake, nguvu ya osmosisi ikashushwa kutoka miliosmoli 311 hadi 245 kwa lita. Sababu ni hii hii tunayojadili: sukari na chumvi zikizidi ndani ya utumbo, maji hayaingii mwilini ipasavyo, yanaweza hata kutoka mwilini kuingia utumboni na kuhara kukazidi. Utumbo unachukua sukari na chumvi kwa pamoja, na maji yanafuata. Ndiyo maana tunawasisitiza kina mama: pakiti moja kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Pakiti ikikosekana kabisa, ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu, visiwe vya mlima. Huku unaandaa, mpeleke mtoto kituoni.

Mtu anayeongeza sukari ili mtoto apate nguvu anamuumiza bila kujua. Natamani kila msichana na mvulana amalize kidato cha pili akiwa analijua hili.

---

#11 Kidato2_Iringa

Asanteni sana. Kwa hiyo nikiandika kwamba osmosisi hutokea kwenye seli hai tu, nitakuwa sahihi? Kwa sababu kiazi kilichochemshwa kimekufa.

---

#12 Msomaji_wa_Zamani

Mdogo wangu, hapo simama kidogo, na mwalimu atanisahihisha.

Osmosisi haidai uhai, inadai utando unaochagua. Mtu wa kwanza kuieleza kwa maandishi, Mfaransa Jean-Antoine Nollet, mwaka 1748, alitumia kibofu cha nguruwe. Alikijaza chombo pombe kali, akakifunga mdomo kwa kibofu, akakizamisha kwenye maji. Kibofu kikavimba kuelekea nje kwa sababu maji yalikuwa yanaingia. Nguruwe alikuwa amekwisha kufa zamani. Miaka ya 1820 Mfaransa mwingine, Henri Dutrochet, ndiye aliyelichunguza kwa undani na kuonyesha kwamba linahusu uhai wa mimea na wanyama.

Kisha akaja Mjerumani Wilhelm Pfeffer, 1877. Huyu namheshimu sana. Alichukua chungu chenye vinyweleo (vitundu vidogo sana), ndani ya vinyweleo akatengeneza utando wa kemikali yenye shaba, akakijaza maji ya sukari na kupima kanieneo (presha) inayotokea. Hakuna kitu hai hata kimoja mle. Vipimo vyake ndivyo vilivyomsaidia Jacobus van 't Hoff kupata kanuni yake, na van 't Hoff ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya kwanza kabisa, mwaka 1901. Na ile njia ambayo maji hupita kwa kasi kwenye tando za seli ilikuja kujulikana baadaye sana: Peter Agre wa Marekani alipata Nobel mwaka 2003 kwa kugundua protini zinazofanya kazi ya mifereji ya maji.

Kwa hiyo andika hivi: kiazi kilichochemshwa kimeshindwa kwa sababu tando zake zimevunjika. Usiandike kwa sababu kimekufa.

---

#13 MwalimuWaZamu

Sina cha kusahihisha, umeeleza vizuri kuliko vitabu vingi. Mwanangu wa Iringa, chukua sentensi yake ya mwisho kama ilivyo.

Kwa walimu wanaotaka kulionyesha hilo bila kiazi, tumieni yai. Lizamishe yai bichi kwenye siki kwa siku moja au mbili. Ganda ni kalsiamu kabonati, siki inalila na utaona mapovu ya hewa ya ukaa. Libadilishie siki kama bado lina ukoko. Ukiliosha taratibu unabaki na yai laini lililofungwa na utando wake tu. Litie kwenye maji, kesho limevimba. Lihamishie kwenye maji mazito ya sukari, linasinyaa mpaka utando unalegea. Pima mzunguko wake kwa uzi na rula kila hatua. Wasilile baada ya hapo, na mikono ioshwe kwa sabuni.

---

#14 Mswahili_Maskati

Salaam kutoka Oman. Nimesoma uzi wote. Huku tunakunywa osmosisi iliyogeuzwa, kwa maana sehemu kubwa ya maji ya bomba inatoka baharini. Mitambo kama ya Barka inayasukuma maji ya bahari kwenye tando, maji matamu yanatoka upande wa pili.

Nadhani hili linafaa kuwa swali la mwisho kwa wanafunzi. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita. Ukiyatenganisha na maji matamu kwa utando, maji matamu yatakwenda kwenye chumvi, kama kwenye kiazi. Ili yarudi kinyume inabidi uyasukume kwa kanieneo inayozidi ile ya osmosisi, ambayo kwa maji ya bahari ni karibu mara 27 ya kanieneo ya hewa. Mitambo inatumia kubwa zaidi, kati ya mara 55 na 70, ndiyo maana inakula umeme sana. Hata zile mashine ndogo za kuchuja maji zinazouzwa Dar es Salaam kwa jina la RO (kifupi cha Kiingereza cha osmosisi iliyogeuzwa) ni jambo hilo hilo kwa kiasi kidogo.

---

#15 Mwl_Mpya_Singida

Mwalimu, nimerudi na matokeo. Nilifanya kama ulivyoelekeza, viazi vitatu, pini, sukari ya robo kilo iliyogawanywa mara tatu. Kufikia mapumziko kiazi kibichi chenye sukari kilikuwa kimeipita pini waziwazi. Kilichochemshwa hakikupanda. Chenye maji matupu kilishuka kidogo, na wanafunzi wakabishana vikali kwa nini. Nimefurahi sana, kwa sababu walibishana bila mimi kuwachokoza.

Lakini niliviacha usiku kucha. Asubuhi kiazi kibichi chenye sukari kilikuwa kimeshuka tena, karibu na pini. Nimeulizwa na sikutaka kubahatisha. Niwaambie nini?

---

#16 MwalimuWaZamu

Hongera sana mwalimu, na umefanya vizuri kutokubahatisha.

Anza na kile cha maji matupu, kina jibu fupi. Maji ya ndani ya seli ni mazito kuliko maji matupu, kwa hiyo seli zimekunywa kutoka shimoni, na mengine kidogo yamepotea hewani.

Cha sukari kina sababu zaidi ya moja, waambie zote. Maji yanayoingia yanaizimua sukari, kwa hiyo kadiri saa zinavyokwenda kasi ya kuingia inapungua. Wakati huo sukari nayo inapenya polepole kwenye nafasi zilizo kati ya seli na seli, na seli za ukingoni zilizokatwa na kisu zilikwisha haribika tangu mwanzo. Ongeza uvukizi wa usiku mzima, na bakteria walioanza kula sukari na kiazi. Ulichokisoma asubuhi si osmosisi peke yake tena.

Rudia na darasa lile lile, vikiwa viazi vipya, na usomaji wa kila saa moja mpaka saa za kutoka. Funika mashimo kwa kipande cha nailoni ili uvukizi usikusumbue. Wanafunzi wachore grafu ya kimo na muda kwa viazi vyote vitatu kwenye karatasi moja. Kibichi chenye sukari mstari utapanda kwa kasi, kisha utaanza kulala. Waulize ni nini kinachoulaza, kisha uwaache wajibu wao kwanza.